Ngozi Mpya Huanzia Mtungini

Nimeshika kalamu kuwaandikia juu ya jambo lililoniletea aibu hapa shuleni muhula uliopita, na ambalo mpaka leo sijaridhika nalo.

Ilikuwa siku ya mjadala wa chama chetu. Hoja ilisema kwamba sayansi mpya ya tiba haina faida kwa mtu wa kijijini. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nikasimama, nikaeleza kuwa siku hizi madaktari wanaweza kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya mtu aliyeungua, wakakikuza maabarani mpaka wakapata ngozi ya kumfunika. Kabla sijamaliza, jamaa mmoja wa kidato cha nne akapaza sauti: "Wee! Hiyo ni ngozi ya matajiri. Hapa Mboghoni utaikuza wapi, kwenye mfereji wa ndizi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tulishindwa vibaya sana.

Nilifika nyumbani nimenuna. Nikamkuta dadangu mdogo akiandika kazi yake ya shule kwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake. Hapo ndipo nilipolipata jibu ambalo ningelimpa yule jamaa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, kwa hivyo nalitoa hapa.

Dadangu hakuzaliwa akitumia mkono wa kushoto. Alipokuwa na miaka mitatu alivuta sufuria ya uji uliokuwa ukitokota, ukamwagikia mkono wa kulia. Majirani walikuja mbio, kila mtu na dawa yake. Huyu alisema pakwe dawa ya meno, yule akasema yai bichi, mwingine akaleta unga. Mtungi wa maji ulikuwa hapo mlangoni, umejaa pomoni, na hakuna aliyeugusa. Tuliambiwa ati maji yataleta malengelenge. Aliyetumwa dukani kununua ile dawa ya meno ni mimi, na nilikimbia kama swara. Leo kiwiko chake hakinyooki, kwa sababu kovu limeuvuta mkono ukajikunja.

Sasa hebu tuitazame ngozi yenyewe. Ngozi ya juu hufa na kubanduka kila siku, na nyingine hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Zinazofanya kazi hiyo ni seli shina, yaani seli ambazo hujigawa na kuzaa seli nyingine. Seli hizo zinakaa chini ya ngozi ya juu, na nyingine zimejificha ndani zaidi kwenye mizizi ya nywele. Sisi watu wa migomba hatuhitaji kufundishwa sana hapa. Ukiukata mgomba juu ya ardhi, baada ya siku chache chipukizi linatoka. Lakini ukiling'oa lile shina nono lililo udongoni, hata ukimwagilia mwaka mzima, huvuni kitu. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Ukiungua juu juu, seli shina zimebaki, na jeraha litapona lenyewe. Moto ukishuka mpaka chini ukaziua, mwili hauna mbegu tena. Hapo kidonda hujivutavuta kutoka kandoni, na kinachobaki ni kovu.

Kwa jeraha kama hilo madaktari hupandikiza ngozi. Wanakwangua ngozi nyembamba kutoka pajani, kwa mfano, wanaiweka juu ya kidonda. Paja lenyewe linapona kwa sababu mizizi ya nywele imeachwa na seli shina zake. Je, mtu akiungua karibu mwili wote, paja la kukwangua litatoka wapi? Tukumbuke mkasa wa Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengine walifika hospitalini wakiwa hai, lakini mtu aliyeungua namna hiyo hana ngozi ya kutosha kujikopesha.

Hapo ndipo hiyo sayansi niliyochekewa inapoingia. Mnamo mwaka wa 1975, huko Marekani, James Rheinwald na Howard Green walichapisha njia ya kukuza seli za ngozi ya binadamu maabarani. Mwaka wa 1983 watoto wawili, ndugu wa damu, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Madaktari wa Boston walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyosalia, wakavikuza vikawa vitambaa vya ngozi, wakawafunika navyo sehemu kubwa ya mwili. Watoto wale wakaokoka. Huko Perth, Australia, daktari Fiona Wood naye alitengeneza njia ya kuzitenganisha seli za ngozi na kuzinyunyiza juu ya jeraha. Aliitumia kwa majeruhi waliopelekwa Perth kutoka Bali baada ya mabomu ya mwaka wa 2002. Kwa njia yake, kipande kidogo kama stempu ya barua kinaweza kutosha jeraha kubwa mara nyingi kukishinda.

Sitaki kuwadanganya. Ngozi ya maabara huchukua wiki kadhaa kukua, na wakati huo mgonjwa anaweza kuvamiwa na viini. Ni nyembamba, hupasuka upesi, haina nywele wala haitoi jasho. Bei yake nayo haisemeki. Kwa hivyo yule jamaa wa kidato cha nne hakukosea kila kitu. Kutoka hapa kwetu kupitia Voi hadi Nairobi, kwenye wodi ya walioungua ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ni zaidi ya kilomita 400. Nauli peke yake ni mikungu mingapi ya ndizi?

Lakini alikosea jambo moja, nalo ndilo kubwa. Alidhani elimu hii inaishia kwenye maabara. Angalieni tena mifano yote niliyotaja. Kule Boston na kule Perth, daktari huanza na nini? Huanza na kipande cha ngozi iliyo hai, chenye seli shina ndani yake. Hakuna daktari anayekuza ngozi kutoka kwa majivu. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuziokoa seli hizo zisife, na kazi hiyo hufanywa nyumbani, kabla hata gari la kwenda hospitali halijapatikana.

Tunaziokoaje? Kwa maji. Uji ukishamwagika, hata ukiufuta, joto limebaki ndani ya nyama na linaendelea kuipika. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yawe yanatiririka, kwa muda wa dakika 20. Si barafu. Toa pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe mtoto asishikwe na baridi. Halafu funika jeraha kwa kitambaa safi, uende hospitali. Hata kama umechelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa tatu. Dawa ya meno, yai na unga hazitoi joto. Zinaficha kidonda na kukitia uchafu.

Siwezi kuapa kwamba maji yangeliuokoa mkono wa dadangu wote. Uji ulikuwa wa moto sana. Lakini najua mtungi ulikuwa hapo, na najua duka lilikuwa mbali kuliko mtungi.

Maoni yangu basi ni haya. Serikali yetu isiseme ngozi ya maabara ni ya nchi nyingine. Ifundishe madaktari na iifikishe tiba hii mpaka hospitali za kaunti, ili mtoto wa Taveta au Voi asihesabiwe mikungu kabla ya kutibiwa. Hilo litachukua miaka. Lile la dakika 20 haligharimu hata shilingi, na linaweza kuanza leo jioni. Naomba chama chetu kiliandike kwa Kiswahili chepesi, tulibandike sokoni, kanisani, msikitini na zahanati. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati: kila jioni tunarudi nyumbani, na kila mmoja wetu anapita kwenye jiko la mtu.

Nikimaliza, nataka kumwambia yule jamaa, bila chuki, kwamba nimekubali kushindwa katika mjadala. Lakini aliuliza ngozi itakuzwa wapi hapa Mboghoni, na jibu ninalo sasa. Itaanzia kwenye mtungi ulio mlangoni kwao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.