Malezi ya Nyumbani: Paka Asiyetakiwa Naye ni Amana

Katika miji yetu ya pwani hapana mtaa usio na paka. Wamo barazani, wamo kivulini mwa misikiti, wamo sokoni chini ya meza za samaki. Faida yao haihitaji maelezo, maana kila aliyeweka gunia la mchele nyumbani aijua. Tunalotaka kulisema mwezi huu ni habari ya wale ambao faida yao imekwisha machoni pa wenyewe: paka mgonjwa, paka mzee, na hasa watoto wa paka waliozaliwa uvunguni pasipo mtu kuwataka. Ada iliyoenea ni kuwatia katika kikapu na kumtuma kijana wa nyumba akawatupe sokoni. Mwenye nyumba huona amefanya huruma kwa kuwa hakuua. Je, ni kweli?

Waislamu wengi waijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tuitazame vizuri. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka wake wala kumchoma moto. Kosa lake ni kwamba alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Sasa mtoto wa paka mwenye majuma 3 hawezi kuwinda, hawezi kupanda ukuta, hata joto la mwili wake hajaweza kulihifadhi sawasawa. Kumwachilia asiyeweza kujitafutia si kumpa uhuru; ni kumfunga mlango mwingine. Na kijana aliyetumwa kubeba kikapu kile hujifunza somo ambalo hakuna mzazi angependa kulifundisha, kwamba kiumbe akiwa mzigo hutupwa.

Imepokewa pia kwamba Sahaba Abu Qatada r.a. aliingia nyumbani kwa mkwewe, Bibi Kabsha binti Kaab, naye akamtilia maji ya kutawadha. Akaja paka, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona mkwewe akishangaa, alimweleza kuwa Mtume s.a.w. amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Neno la asili moja na hilo latumika katika Sura Nur kwa watumwa na watoto waingiao na kutoka vyumbani. Basi paka amehesabiwa pamoja na watu wa nyumba. Mtu wa nyumba akiugua hatupwi jalalani.

Zamani za kale Waislamu walilichukua jambo hili kwa uzito. Sultani Baibars, aliyetawala Misri tangu 1260 hata 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake kaskazini ya Cairo iwe wakfu, mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo na kuchapa kitabu chake mwaka 1836, alieleza mwisho wa wakfu ule. Bustani ilikwisha kuuzwa mara kwa mara, pakabaki kodi ndogo tu ya mwaka, na mzigo ukamwangukia Kadhi. Kila siku wakati wa alasiri uliletwa utumbo na mabaki ya nyama katika ua mkubwa wa mahakama, na paka wakaitwa kula. Na watu wa mjini, kila aliyetaka kuondokana na paka wake, alimpeleka akamwachilia katika ua ule ule.

Hapo pana fundisho. Wema wa mtu mmoja, hata akiwa Sultani, huelemewa ikiwa wengine wote huugeuza kuwa mahali pa kutupia. Leo pia, katika mitaa mingi, yuko bibi mmoja ajulikanaye kwa kupenda paka, na kila asubuhi hukuta boksi jipya mlangoni pake. Waliomletea hujiona wametenda jema, kumbe wamehamisha mzigo tu, wala hawakuuliza kama ana chakula cha kuwatosha. Kukabidhi ni jambo jingine na kutupa ni jambo jingine.

Basi yafaa tujue namna ya kulea na kukabidhi.

Kwanza, ukiwakuta watoto wa paka mahali pa siri, usiwachukue kwa haraka. Huenda mama yao amekwenda kuwinda. Jitenge, uwaangalie kwa saa kadhaa. Akiwa hakurudi, watie joto kabla ya kuwapa chakula, maana mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Bora ni maziwa maalumu yauzwayo na madaktari wa wanyama, au paka mwingine anyonyeshaye, kwani mara nyingi hukubali mtoto wa mwenzake. Wakifika majuma 4 waanze kuonja chakula laini, wala wasitolewe kwa mama yao kabla ya majuma 8.

Pili, mgonjwa atengwe na paka wengine kwa muda wa majuma 2, na mikono ioshwe kila anaposhikwa. Kinyesi chake kiondolewe kila siku, na mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Asipewe kamwe dawa za binadamu: kidonge cha Panadol, hata nusu yake, chaweza kumwua. Dawa nyingi za viroboto zilizotengenezwa kwa mbwa nazo ni sumu kwake. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku ile ile, kwa hofu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Kwa hiyo achanjwe afikapo miezi 3.

Tatu, anapotafutiwa nyumba, uliza kama ulizavyo unapompeleka mtoto ugenini: nani atamlisha, kuna mbwa, nyumba nzima imeridhika? Mpe bure. Katika Sahihi Muslim imo Hadithi ya Jabir r.a. yenye kukataza thamani ya paka, na ingawa wanazuoni wengi wameruhusu kumwuza, wakilichukua katazo hilo kuwa ni la karaha tu, atoaye bure ametoka katika shaka. Na mwambie mpokeaji waziwazi kwamba akishindwa amrudishe kwako, asimtupe. Baada ya siku chache nenda ukamwangalie.

Nne, tuitazame asili ya taabu. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 5 tu, na mimba yake ni kama siku 63 hadi 65. Nyumba moja yaweza kujaza mtaa. Juu ya kumfunga kizazi, wanazuoni wamehitilafiana. Wako waliokataza, na wengi wa zama zetu wameruhusu pakiwa na haja na bila ya kumdhuru mnyama. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake, lakini asiifanye hitilafu hiyo kuwa udhuru wa kuendelea kujaza vikapu.

Wako watakaosema, "Binadamu wana njaa, ninyi mwashughulika na paka." Twajibu kwamba kichwa cha samaki tukitupacho hakijamnyima maskini kitu. Na mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake, na Mtume s.a.w. akabainisha kwamba katika kila chenye uhai mna thawabu.

Vijana wetu, mkitumwa kubeba kikapu, ombeni kwa adabu muda wa majuma machache, mkaitafute nyumba. Nanyi wazazi, wapeni muda huo. Huenda baadhi ya watoto wale wakafa mikononi mwao hata baada ya jitihada, lakini taabu iliyotolewa kwa huruma haipotei kwa Mwenyezi Mungu. Atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kurehemu, ili nasi turehemewe. Amin.