Ukifika Delhi, achana na chipsi kuku

Kuna jambo limekuwa likinikera tangu nirudi kutoka Delhi na leo acha nilitoe rohoni. Wabongo tukienda India tunakula vibaya. Sizungumzii kukosa hela, nazungumzia ubishi.

Wengi wetu hatuendi kule kutalii. Tunasindikiza wagonjwa. Mimi mwenyewe nilikwenda hivyo, Novemba 2023, nikimsindikiza mjomba wangu wa Kyela aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia nikawakuta Watanzania wenzangu wana masanduku ya unga wa sembe, dagaa na... chumvi! Sijui nani aliwaambia India hakuna chumvi.

Unga si dhambi. Kasheshe ilianza ulipokwisha. Watu wakaanza kuagiza chipsi kuku mchana na jioni kwa bei ya kutoa machozi, na wagonjwa wakawa wanalala njaa kwa sababu eti "chakula cha Wahindi ni pilipili tupu". Mjomba alikaa siku nne kwa chai na biskuti. Daktari anasema ale apate nguvu, yeye anageukia ukutani.

Siku ya tano kijana mhudumu wa pale, nadhani alituonea huruma, akaleta sahani ya kile wanachokula wao jikoni. Mjomba akachungulia.

"Mjomba, haya si maharage?"

"Ni maharage, mjomba."

"Na huu wali?"

"Wali."

Akala sahani nzima. Halafu akalalamika kwamba mchele ni mrefu lakini harufu yake haifikii ya Kyela, nikajua mtu amepona nusu.

Kile chakula kinaitwa rajma chawal. Maharage mekundu yanalowekwa usiku, yanachemshwa hadi yanalainika kabisa, yanaungwa kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na binzari nyembamba, kisha yanamwagwa juu ya wali mweupe. Kwa familia nyingi za Delhi hicho ndicho chakula cha Jumapili mchana. Siku nne nzima mgonjwa wangu alikuwa na njaa wakati jiko la chini linapika wali maharage! Na kosa lilikuwa langu, mimi msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali na sikuuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea na kula, mjomba akiwa amelazwa na shangazi yupo naye.

Kwanza niseme kitu ambacho kitawaudhi wajuaji. Tunasema tunakijua chakula cha Kihindi kwa sababu tumekula bajia za Kisutu. Wahindi wengi wa Dar es Salaam asili yao ni Gujarati na Kachchh, kule magharibi, na walichotuachia ndicho cha huko. Delhi ni kaskazini: ngano, maziwa, samli na tanuri. Ukiomba chapati Delhi utaletewa kitu chembamba, kikavu, hakijagusa mafuta. Hii yetu ya kukunja na kupaka mafuta ni ndugu wa paratha. Sambusa nayo ni nene kama ngumi, ndani viazi na njegere, hakuna nyama. Majina tunayo, vyakula ni vingine.

Kama una siku moja tu, panda metro ushuke Chandni Chowk, kwenye mji wa zamani aliouanzisha mfalme Shah Jahan karne ya 17. Kuna kichochoro kinaitwa Paranthe Wali Gali, wanauza paratha tangu karne ya 19. Wanajaza viazi, koliflawa, figili, hata ndizi, wanazizamisha kwenye samli, pembeni mchuzi wa boga. Hakuna nyama, na kwa desturi hakuna kitunguu wala kitunguu saumu. Nilifika nikidhani nitakula mbili. Moja na nusu zilinitosha hadi jioni.

Ukitoka hapo tembea hadi Jama Masjid. Vichochoro vinavyouzunguka msikiti huo ni vya Waislamu, na nyama ipo ya kumwaga. Karim's wapo pale tangu 1913. Ila mimi nakushauri uamke alfajiri ukale nihari. Ni nyama ya mguu na uboho wake, inawekwa kwenye chungu kikubwa na kuchemka usiku kucha kwa moto mdogo, inaliwa asubuhi kwa mkate wa moto unaofanana na mkate wa ajemi. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, neno lile lile tunalolisikia kwenye mashairi ya pwani, nahari, yaani mchana. Nyama mara nyingi ni ya nyati wa kufugwa. Usiulizie ng'ombe, kumchinja ni kosa la jinai Delhi. Na ukisikia "mutton" ujue ni mbuzi, ule kwa amani.

Sasa njoo kwenye butter chicken, ambaye kila hoteli itakwambia ni chakula cha asili. Asili ya lini? Ni wa jana tu. India ilipogawanywa 1947 wakimbizi kutoka Punjab na Peshawar walimiminika Delhi, na tanuri zao wakaja nazo. Mgahawa wa Moti Mahal, mtaa wa Daryaganj, ndio unaotajwa kuwa chanzo cha yule kuku wa mchuzi wa nyanya na siagi. Kundan Lal wawili, Gujral na Jaggi, walikuwa washirika pale, na mwaka 2024 ugomvi wa nani kati yao ndiye aliyembuni ulifika Mahakama Kuu ya Delhi! Simkatai kuku huyo, ni mtamu. Ninachokataa ni mtu kula yeye tu wiki tatu, tena kwenye hoteli yenye kiyoyozi, kisha akarudi Bongo kutusimulia India. Hata rajma ya mjomba maharage yake asili ni Amerika, kama nyanya, kama pilipili yenyewe tunayowalaumu nayo.

Na chole bhature? Dengu zilizochemshwa na majani ya chai mpaka zikawa nyeusi, pamoja na mkate wa kukaanga uliofura kama mpira. Dengu zetu za Kanda ya Ziwa huuzwa India, kwa hiyo inawezekana kabisa nilikula mavuno ya Shinyanga kwenye mitaa ya Paharganj.

Hela zikikata usife njaa. Nenda Gurudwara Bangla Sahib, hekalu la Masingasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari na yeyote, tajiri au mkokoteni, unapewa chapati na dengu bure. Hakuna anayekuuliza dini. Nilikaa kati ya askari mmoja na bibi kizee aliyekuwa akiniongezea chapati bila kuniomba ruhusa.

Yakukute pia na mabaya: siku ya tisa nilikula golgappa za barabarani, vile vipuri vya kujazwa maji ya ukwaju, na siku ya kumi sikutoka chooni. Maji ndiyo ya kuogopa Delhi, pilipili inasingiziwa. Kula kinachochemka mbele yako.

Mjomba anatembea sasa. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Kyela, hata salamu hakumaliza, anataka nimtumie binzari nyembamba, eti ya dukani kwao haina nguvu.