WAJAWAZITO WETU SAUDI ARABIA NA HOMA YA MAFUA: NANI KASEMA WANADEKA?



Mimi ni muuguzi. Shahada yangu niliipatia nyumbani Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa natafuta riziki Saudi Arabia, kwanza Riyadh na sasa Jeddah. Sina chama, na sitafuti cheo. Naandika kwa sababu kila msimu wa baridi unapokaribia huku, kuanzia Oktoba hivi, simu zinaanza. Dada zetu wenye mimba wananiuliza yale yale: nikishikwa na mafua makali mtoto atapona? Nichanje au nisichanje? Nikienda hospitali nitatibiwa au nitakamatwa? Na kila msimu nasikia pia majibu waliyopewa kabla ya kunifikia mimi, mengi kutoka kwa wanaume, tena wengine wasomi wazima. "Acha kudeka, mafua hayaui mtu." "Subiri kwanza ujifungue." "Mwachie Mungu."

Nimechoka. Na leo nasema wazi: hofu ya mjamzito juu ya homa ya mafua ni hofu ya mtu mwenye akili timamu. Ila sisi, yaani serikali zetu, balozi zetu, mawakala wetu na sisi wenyewe ndugu wa damu, tumeichukua hofu ya kirusi, ambayo ina kinga na ina dawa, tukaigeuza kuwa hofu ya mlango wa hospitali. Hii ya pili haina kidonge.

Tuanze na mwili wenyewe, maana wanaosema "kudeka" hawajawahi kubeba mimba wala kusoma kinachotokea ndani yake. Mimba ikikua, mji wa mimba unasukuma kiwambo juu na mapafu yanakosa nafasi. Moyo unafanya kazi ya watu wawili. Kinga ya mwili nayo inabadilika ili isimkatae mtoto. Mwili wa namna hiyo ukiingiliwa na mafua ambayo mimi na wewe tunayalalia siku tatu, unaweza kuishia kwenye nimonia. Mwaka 2009 yalipokuja mafua ya nguruwe, H1N1, Wamarekani walihesabu. Wajawazito walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wao wote, lakini katika vifo vilivyoripotiwa walikuwa kama asilimia 5. Walioumia zaidi ni wale wa miezi mitatu ya mwisho. Na wala halikuwa jambo jipya, kwani katika ile homa kubwa ya 1918, iliyofika mpaka kwetu Afrika Mashariki, madaktari waliona jambo hilo hilo. Kirusi kile cha 2009 hakikuondoka, kwa taarifa yenu. Kimegeuka mafua ya kila msimu na kinazunguka mpaka leo.

Hapa Saudi Arabia mgonjwa wa kwanza wa H1N1 alitangazwa mwanzoni mwa Juni 2009. Alikuwa muuguzi kutoka Ufilipino, mtu wa kazi yangu. Mwezi uliofuata mawaziri wa afya wa nchi za Kiarabu wakakutana Cairo na kushauri kwamba wazee, watoto wadogo, wenye maradhi sugu na WAJAWAZITO wasiende Hija mwaka ule. Hebu tafakarini. Hija ni nguzo ya dini, watu wanauza ng'ombe na viwanja ili waifikie, na bado wakubwa wa afya wakasema mwenye mimba aahirishe. Hija yenyewe ilifanyika Novemba, ikakusanya watu zaidi ya milioni 2, na lile balaa lililohofiwa halikutokea kwa ukubwa uliodhaniwa. Lakini tahadhari ilichukuliwa. Sasa kama mawaziri wazima walikaa kikao wakamwogopea mjamzito, wewe shemeji yangu uliyekaa Kariakoo au Minneapolis unapata wapi ujasiri wa kumwambia anadeka?

Sasa nije kwenye hili neno "subiri", maana ndilo linaloniuma.

Kwetu tunasema subira yavuta heri, na kwenye mambo mengi ni kweli. Kwa homa ya mafua si kweli hata kidogo. Dawa ya kirusi cha mafua, ile inayojulikana kama Tamiflu, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na wajawazito wanapewa bila kungoja majibu ya maabara. Binti anayefanya kazi za ndani akimwambia mama mwenye nyumba kwamba anatetemeka na kifua kinabana, anapewa Panadol mbili na kuambiwa amalizie kupiga pasi. Panadol inashusha homa, sikatai, na ni salama kwa mjamzito kwa kipimo chake. Haiui kirusi. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na saa zile 48 zimekwenda na maji ya kufulia.

Wakati wa corona, "subiri" ilipandishwa cheo ikawa sera. Majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo, mwaka 2020, yaliwaacha wajawazito nje. Waliofanya hivyo walisema wanawalinda. Matokeo yake chanjo zilipotoka hakukuwa na takwimu za kuwatosha, na Januari 2021 hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado linasita, likisema wachanjwe wale tu walio katika hatari kubwa. Kirusi hakikusita. Kufikia Oktoba 2021 idara ya afya ya England ikatangaza kwamba tangu Julai, karibu mtu mmoja kati ya watano waliowekwa kwenye ile mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili alikuwa mjamzito ambaye hajachanjwa. Mmoja kati ya watano! Huko ni Uingereza, kwenye hospitali za kila kitu.

Na sisi je? Sisi Watanzania tulikuwa na msiba wetu wa aina yake. Takwimu zilisimamishwa mwishoni mwa Aprili 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, akasema chanjo hizo hazifai. Sizungumzi kumsema marehemu. Nazungumza kwa sababu maneno ya rais yanasafiri mpaka Riyadh kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Dada zetu wajawazito waliokuwa huku, kwenye nchi iliyoanza kuchanja Desemba 2020, walikuwa wanapigiwa simu na mama zao kutoka Tanga na Morogoro: usikubali, mwanangu, utatoka mimba, jifukize. Wapo waliojifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini na mchaichai, mimba changa, chumba hakina hewa, wakati kuupandisha mwili joto kiasi hicho katika miezi ya mwanzo ni jambo tunalowakataza wajawazito siku zote. Rais Samia alipochanjwa hadharani Julai 2021 nilishukuru, lakini sumu ilikuwa imeshaingia. Na Wakenya msitucheke. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki kwenu ndio walioitilia shaka chanjo ya pepopunda ya wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai imewekwa kitu cha kuwazuia kushika mimba. Uvumi wa aina hiyo haufi, unabadilisha ugonjwa tu.

Chanjo ya mafua ya msimu ni ya zamani, haikubuniwa jana, na mjamzito anaweza kuipata mwezi wowote wa mimba. Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limesema nchi zinazoanzisha au kupanua chanjo hiyo ziwatangulize wajawazito. Faida yake ni mbili kwa mpigo, kwa sababu mtoto chini ya miezi sita hachanjwi mafua, kwa hiyo kinga yake ya kwanza ni ile anayopewa na mama yake akiwa tumboni. Hapa Saudi Arabia Wizara ya Afya inaendesha kampeni kila mwaka na wajawazito wamo kwenye kundi la mwanzo. Nyumbani, ukienda kliniki ya wajawazito utachomwa ya pepopunda, ya mafua haimo kwenye ratiba. Ndiyo maana binti anafika huku hajawahi hata kuisikia, na cha kwanza anachokisikia ni kutoka WhatsApp.

Lakini tuseme anaijua na anaitaka. Je, anafika dirishani?

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Tarehe 30 Machi 2020 Mfalme Salman aliamuru kwamba corona itibiwe bure kwa kila mtu aliyeko nchini: raia, mkazi mwenye iqama, na hata aliyevunja sheria za ukaazi. Nilikuwa Riyadh na niliiona amri hiyo ikitekelezwa. Haki yao tuwape. Ila mwanamke mwenye mimba haji hospitali na kirusi peke yake. Anakuja na tumbo. Kuzaa nje ya ndoa hapa ni suala la jinai, na asiye na cheti cha ndoa anajua kwamba tumbo ni ushahidi unaotembea. Homa ilisamehewa kibali, tumbo halikusamehewa.

Juni 2020 nilipigiwa simu kuhusu binti mmoja wa Afrika Mashariki, mimba ya miezi saba. Alikuwa amemkimbia kafili wake na anaishi Manfuhah, kusini mwa Riyadh, chumba kimoja na wenzake kadhaa. Homa ilikuwa siku ya tano, na anahema akiwa amekaa. Nikamwambia aende hospitali saa hiyo hiyo. Akaniambia, "Dada, corona watanitibu. Na hili tumbo?" Wenzake walikuwa wameshapiga ubalozi mmoja wa nchi zetu, sitautaja, wakaomba barua au mtu wa kumsindikiza. Jibu likawa wasubiri ofisi ifunguliwe wiki inayofuata. Alikwenda siku ya nane, alipokuwa hawezi tena kusimama. Walimtibu bure kama amri ilivyosema, na hakuna muuguzi pale aliyemwuliza cheti. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati na hakumaliza siku mbili.

Najua watakuja wenye kusema "alijitakia". Kwanza hamjui alipataje mimba. Wapo waliobakwa kwenye nyumba walizofanyia kazi. Wapo waliofunga ndoa mbele ya mashahidi bila karatasi, kwa sababu karatasi inataka iqama na iqama iko kwa kafili. Pili, tuseme alijitakia, haya. Adhabu yake ni nimonia? Wengine watasema nchi ina sheria zake na sisi ni wageni. Nakubaliana kabisa, na ndiyo maana simwandikii Mfalme. Nawaandikia ninyi na serikali zetu.

Maana angalieni unafiki wenyewe. Kabla binti hajapanda ndege Dar, Nairobi au Entebbe anapelekwa kwenye kipimo cha afya kinachotakiwa na nchi za Ghuba, ile GAMCA ambayo siku hizi inaitwa Wafid. Kipimo cha mimba kimo. Akikutwa nayo, safari imekufa. Kwa hiyo wakala, wizara na ubalozi wote wana habari kamili za tumbo lake siku ya kuondoka. Akishatua Riyadh au Jeddah, hakuna anayetaka kulijua tena, isipokuwa hela anazotuma, hizo zinajulikana mpaka senti. Matokeo yake mnayaona: Kenya imefika mahali pa kukusanya vinasaba vya watoto waliozaliwa huku na mama Wakenya bila karatasi, ili kuthibitisha ni wa nani ndipo wapewe hati za kurudi. Watoto hao walizaliwa wapi na nani aliwapima mama zao homa? Wengi ni vyumbani, kwa mkono wa jirani.

Jeddah nako tuna yetu. Kirusi cha MERS kiligunduliwa kwa mgonjwa wa hapa mwaka 2012, na Aprili 2014 kilisambaa ndani ya hospitali za mji huu, wafanyakazi wa afya wakiwemo, mpaka waziri wa afya akaondolewa. Kwa hiyo hata mwenye karatasi zote akiniambia anaogopa wodi, simcheki, namwelekeza aingie wapi na avae nini. Asiye na karatasi hali yake ni ngumu zaidi tangu vitongoji kama Ghulail na Karantina vilipoanza kubomolewa kuanzia 2021. Watu walitawanyika, na wale wakunga wa mtaani na wanawake wazima waliojua nani ana mimba na nani anaumwa wakapotea nao. Siku nikitaka kumfuatilia mtu sasa, sijui niulizie mlango gani.

Ninachodai hakihitaji mkutano wa kimataifa. Kila ubalozi wetu uwe na namba ya simu inayopokelewa usiku na siku za mapumziko, na mtu mwenye mamlaka ya kuandika barua na kumsindikiza mjamzito mgonjwa hospitali. Mikataba ya ajira inayosainiwa na nchi hii iwe na kifungu cha mfanyakazi anayeshika mimba: anatibiwa wapi, anarudishwaje, kwa gharama ya nani. Mafunzo ya kabla ya safari, ambayo sasa yamejaa namna ya kutumia mashine ya kufulia, yatenge saa moja ya chanjo na dalili za hatari. Na wizara zetu za afya ziingize chanjo ya mafua kwenye kliniki za wajawazito, hata kama ni kwa kuanza na hospitali za mikoa, kabla janga jingine halijatukuta tunabishana.

Kwa dada zangu mlioko huku, nawaambia ninayowaambia kwenye simu. Chanjeni msimu ukianza, mwezi wowote wa mimba. Homa ikipanda, hesabu saa. Ukianza kuhema ukiwa umekaa, au kifua kinauma, au mtoto hachezi kama kawaida, nenda hospitali usiku huo huo, mwenye karatasi na asiye na karatasi. Mwenye hoja kinyume na haya aje nayo, lakini aje na hoja ya kitabibu, asiniletee "kudeka".

Nawasilisha.