Uso Si Ngao

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maneno haya twayatamka sana matangani na barazani, walakini ni wachache miongoni mwetu wayakumbukao inapofika zamu ya kumhukumu mtu mwingine kuwa ni shujaa au ni mwoga. Hapo kila mtu huwa kadhi. Aliyekaa kivulini humwamuru aliye juani avumilie, na asiyepigwa humfundisha apigwaye namna ya kutolia. Leo, msomaji, nataka kumleta mbele yako shahidi kutoka nchi ya theluji, mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kusimama apigwe. Naye ni Jacques Plante wa Kanada, mlinda lango wa hoki ya barafuni.

Najua wako watakaouliza: sisi watu wa Pwani, ambao barafu yetu ni ile ya kutia katika sharubati, tuna nini na mchezo huo? Jawabu ni kwamba mchezo ni mgeni, lakini jambo lililomo ndani yake ni jamaa yetu wa karibu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Timu mbili, watu sita kila upande, huteleza juu ya uwanja wa barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma chini yake. Hawachezi kwa mpira wa duara, bali kwa kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake inchi 1 na upana wake inchi 3, nacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidundedunde. Kikipigwa gongo na mtu mwenye nguvu huweza kupita mwendo wa maili 100 kwa saa. Lango lina upana wa futi 6 na urefu wa futi 4, na mbele yake yuko mtu mmoja aliyeajiriwa kuuweka mwili wake njiani. Miguu yake ilikuwa na kinga, kifua kadhalika, na mikono pia. Lakini hadi miaka ya 1950, uso wake ulikuwa mtupu kama alivyozaliwa.

Hakuna kanuni iliyokataza kuufunika. Mlinda lango mmoja wa Montreal, Clint Benedict, aliwahi kuvaa barakoa ya ngozi mwaka 1930 baada ya kuvunjwa pua, kisha akaiacha. Baada yake ikawa kama sheria isiyoandikwa kwamba mwanamume wa kweli halindi uso. Terry Sawchuk, aliyekuwa bingwa wa Detroit, alishonwa nyuzi zipatazo 400 usoni kabla ya kuvaa barakoa mwaka 1962. Glenn Hall, aliyelinda lango la Detroit kisha la Chicago, alicheza michezo 502 mfululizo kati ya 1955 na 1962, uso wazi, na ilikuwa kawaida yake kutapika kabla ya kuingia uwanjani. Watu waliimba sifa za ile hesabu ya michezo. Hayo matapishi waliyafanya kichekesho.

Plante alizaliwa mwaka 1929 katika mkoa wa Quebec, kifungua mimba wa watoto 11. Alikuwa na pumu, hakuweza kukimbia sana barafuni, ndipo akawekwa langoni. Mama yake alimfundisha kufuma kwa sindano, naye hata alipokuwa mashuhuri alijifumia kofia na fulana zake mwenyewe. Wenziwe walimcheka kwa hilo. Hapa kwetu, ambako mwanamume kudarizi kofia si ajabu, pengine wangemwomba awafumie na wao. Aliingia timu ya Montreal Canadiens msimu wa 1952–53, na kuanzia 1956 hata 1960 timu hiyo ilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, yeye akiwa langoni. Alikuwa mtu wa kufikiri. Ndiye aliyewazoeza walinda lango kutoka nje ya lango kwenda kukifuata kisahani, jambo ambalo mwanzoni lilionekana ni wazimu.

Hata hivyo ushindi haukumkinga. Aliwahi kuvunjwa pua na mifupa ya mashavu. Akatafuta dawa. Mtu mmoja wa kiwanda cha nyuzi za kioo, Bill Burchmore, akamtengenezea barakoa iliyochukua sura ya uso wake. Mwalimu wa timu, Toe Blake, alimruhusu kuivaa mazoezini tu. Siku ya mchezo, hapana.

Tusimwonee Blake. Alikuwa mwalimu hodari, na hoja yake ilikuwa na uzito: alichelea kwamba barakoa ingemzuia Plante kukiona kisahani kilichoko miguuni pake. Lakini pamoja na hoja hiyo palikuwa na nyingine, nayo ndiyo iliyosemwa zaidi vibarazani, kwamba mlinda lango atakayeficha uso ni mtu aliyeingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hafai kazi.

Ikaja tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York. Mchezo ulikuwa mchanga bado pale Andy Bathgate wa New York Rangers alipokipiga kisahani kikampata Plante usoni. Pua ikavunjika, damu ikamwagika barafuni. Akapelekwa ndani, daktari akamshona. Siku hizo timu haikuwa na mlinda lango wa akiba aliyevaa tayari, kwa hivyo mchezo ukasimama, watu wakingoja. Hapo Plante akamwambia mwalimu wake kwamba harudi uwanjani ila na barakoa yake. Blake hakuwa na la kufanya. Plante akarudi na uso wa nyuzi za kioo, watu wakamkodolea macho, na Montreal wakashinda 3–1.

Yaliyofuata yatosha kuwa ushahidi. Aliendelea kuivaa na timu ikaendelea kushinda. Tarehe 8 Machi 1960, kwa kumridhisha mwalimu, aliivua kwa mchezo mmoja dhidi ya Detroit, wakafungwa 3–0. Akaivaa tena. Katika mashindano ya kombe ya mwaka huo Montreal walishinda michezo yote minane, hawakupoteza hata mmoja. Ile hoja ya kwamba haoni ikafa kifo chake.

Sasa, msomaji, tuulize swali ambalo wengi hawakuliuliza. Kwa nini watu wazima, wenye akili na wenye wake na watoto, walikubali kupigwa usoni kwa miaka mingi namna hiyo? Tusiseme ni ushujaa tu. Ligi ile kuu ilikuwa na timu sita, na kila timu ilimtegemea mlinda lango mmoja. Basi zilikuwapo nafasi sita za kazi hiyo, na nyuma yake vijana chungu nzima wa ligi ndogo wakingoja mmoja aanguke. Aliyeumia alishonwa akarudi. Aliyenung'unika alijua kwamba mwenzake yuko mlangoni. Ni mwaka 1965 tu ndipo ligi ilipoamuru kila timu iwe na walinda lango wawili walio tayari, na mwaka 1967 timu zikawa 12. Kwa hakika barakoa ilienea katika miaka hiyo hiyo nafasi zilipoongezeka, na mwaka 1974 ndipo ligi ilipomwona mlinda lango wa mwisho asiyeivaa, Andy Brown.

Hili ndilo ninalotaka tulitie akilini. Mara nyingi kinachoitwa ushujaa ni njaa iliyovikwa joho. Mwenye mali hapendi kusema, "Vumilia, kwa sababu nikikupoteza nitapata mwingine." Husema, "Vumilia, kwa sababu wewe ni mwanamume." Na maskini, kwa kuwa neno la pili lina heshima zaidi, hulishika na kulifanya lake, hata akawa yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kumcheka mwenziwe anayejikinga.

Je, hatuyaoni haya kwetu? Fundi anayeunga vyuma kwa moto bila miwani, na huku macho yamekuwa mekundu kama pilipili, humwambia mwanagenzi wake kwamba miwani ni ya waoga. Kijana wa bodaboda huitundika kofia yake ngumu kwenye usukani, akaivaa pale tu amwonapo polisi. Kibarua hupanda jengo la ghorofa nyingi miguu mitupu, na msimamizi aliye chini, mwenye viatu, humsifu kwa wepesi wake. Akianguka, twasema ajali haina kinga. Lakini twasahau kuuliza kama palikuwa na kinga iliyokataliwa.

Wako watakaoniambia kwamba mambo yote ni ya Mungu, na siku ya mtu ikifika haizuiliwi na barakoa. Kweli, siku haizuiliwi. Lakini sisi tuliopitia chuoni twakijua kisa cha yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na atawakali, naye akaambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Kujikinga si upungufu wa imani, wala mwili si mali yetu hata tuutupe ili tusifiwe na watu wa kivulini. Ni amana.

Plante mwenyewe hakuwa mwoga. Baada ya Montreal kumwachia aende New York mwaka 1963, na baada ya kustaafu mwaka 1965, alirudi barafuni mwaka 1968 na timu ya St. Louis, akiwa karibu na umri wa miaka 40, na akashinda tuzo ya Vezina, ya walinda lango, kwa mara ya saba, safari hii akiigawana na Glenn Hall yule yule. Mwaka 1970, katika fainali dhidi ya Boston, kisahani kilimpiga kipaji cha uso kwa kishindo kilichomzimisha. Barakoa ikapasuka, kichwa kikasalimika. Alisema barakoa ndiyo iliyookoa maisha yake. Na upande wa pili wa uwanja ule ule alikuwapo Gerry Cheevers wa Boston, ambaye barakoa yake ilijaa michoro ya nyuzi nyeusi: kila alipopigwa, ulichorwa mshono pale ambapo uso wake ungalishonwa. Sijui hotuba iliyo fasaha kuliko barakoa hiyo.

Plante alicheza hata 1975, akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka 1978, na akafariki Geneva, Uswisi, mwaka 1986. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu katika hoteli moja ya Nairobi, kando ya Barabara ya Mombasa, na vijana wetu wakaunda timu yao, Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilialikwa hadi Kanada. Mlinda lango wa leo huvaa barakoa kama avaavyo viatu, na hakuna amwulizaye kama yeye ni mwanamume. Swali lilikwisha kujibiwa kwa pua ya mtu mwingine.

Basi, tumwonapo mtu anadai kinga kazini mwake, tusiharakishe kumpima ushujaa. Tutazame kwanza anayemcheka amesimama wapi. Akiwa amesimama mahali ambapo hakuna kinachoweza kumfikia, kicheko chake hakina ushahidi. Mwenye uso ndiye mwenye neno.