Tukifundisha Mifupa kwa Kukariri

Nikiwa fildi mwaka jana, niliwaandikia Kidato cha Pili ubaoni: mtu mzima ana mifupa 206. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, na kichanga je?" Nikajibu kwa kujiamini, "Hiyo hiyo." Kumbe nimedanganya darasa zima! Kichanga ana mifupa mingi zaidi, mingine huungana anapokua.

Kesho yake nikawaomba radhi, nikaja na miguu ya kuku kutoka sokoni. Tukafungua kiungo, wakagusa gegedu jeupe linaloteleza, linalozuia mifupa isisagane. Tukavuta kano, vidole vikajikunja. Hakuna aliyesinzia, na maswali yalinizidi.

Wenzangu wa ualimu, tuambizane ukweli. Namba 206 niliijua tangu sekondari na ikanipa maksi, ila sikuwahi kujiuliza mfupa unakuaje wala goti linakunjikaje. Tukiingia kazini hivi hivi, tutawarithisha watoto wa watu kukariri kwetu. Kozi zetu za mbinu za kufundisha zitupe nafasi ya kushika vitu, siyo slaidi tu. Shule haina maabara? Sawa, lakini sokoni kuku hawakosekani.