Macho ya mtoto njiti yapimwe mapema

Kila hospitali inapookoa maisha ya mtoto njiti, sote tunashangilia. Nadhani tunasahau kuuliza: je, mtoto huyo ataona?

Mishipa ya damu ya retina, utando ulio nyuma ya jicho, hukomaa karibu na wiki ya 40 ya mimba. Kwa njiti bado ni michanga. Akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa hiyo huweza kuota ovyo na kuivuta retina hadi ibanduke. Madaktari wa Marekani walithibitisha madhara ya oksijeni hiyo katikati ya miaka ya 1950, maelfu ya watoto wakiwa wamekwisha kupofuka.

Isitoshe, retina huchipuka kutoka kwenye ubongo. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto waliougua vibaya ugonjwa huu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuchelewa kiakili na katika kutumia viungo. Basi wasifuatiliwe macho tu.

Muda wa kuzuia upofu ni mfupi. Kwa kawaida kipimo cha kwanza hufanyika wiki 4 au zaidi baada ya kuzaliwa, wakati wengine wamekwisha kurudi nyumbani. Ugonjwa ukifikia hatua ya kutibiwa kwa leza, hazipaswi kupita siku 3.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila wodi ya njiti ina kifaa cha kupima oksijeni, na mama asiruhusiwe kuondoka kabla tarehe ya kupima macho haijaandikwa kwenye kadi ya mtoto. Nanyi wazazi, msipoiona tarehe hiyo, iulizeni.