Mtoto Apewe Sahani Yake

Ndugu zangu wa Gishubi, nanyi wa Muyinga mnaoishi kwa jembe, leo nataka tusemezane juu ya sinia. Jioni ugali wa muhogo ukiiva, watoto wote hulizunguka moja. Yule wa miaka kumi anakata tonge, anachovya kwenye maharage, anameza, anakata jingine. Mdogo wa mwaka na nusu bado analipuliza tonge lake la kwanza. Sinia likiwa tupu tunasema wameshiba. Nani aliyepima?

Utafiti wa taifa wa mwaka 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Umaskini upo, na mashamba yetu ni madogo, sibishi. Lakini wapo watoto wanaojazwa muhogo na viazi vitamu kila siku huku yai likipelekwa sokoni na dagaa wakiishia kwa baba.

Wengine wataniambia mbona mijini watu wananenepa, basi njaa inaisha. La hasha! Kenya mwaka 2014, theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi, na nchini humo humo watoto waliodumaa walikuwa 26 katika kila 100. Mambo hayo mawili yana undugu. Daktari David Barker wa Uingereza alifukua madaftari ya wakunga wa Hertfordshire ya tangu 1911, akaona kwamba wanaume waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mwili uliobanwa tumboni mwa mama hujifunza kuweka akiba. Ukikutana baadaye na soda na maandazi, kisukari hakiko mbali. Kwa hiyo kitambi tunachokisifia kuwa ni heshima, huenda mizizi yake ni ile njaa ya utotoni.

Njaa huvuruga hata akili. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakawa hawawazi kingine ila kula, wakilamba sahani. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula na kula bila kuhisi kushiba. Tusimwite mtu mlafi kabla ya kujua alikotoka.

Tiba tunayo hapa hapa vilimani. Katika vikao vya mapishi ya lishe, mama ambaye mwanawe amenawiri ingawa shamba lake ni dogo kama la jirani huwaonyesha wenzake jinsi anavyopika: uji wa nafaka wenye maharage yaliyopondwa, sombe, tone la mawese, dagaa waliosagwa. Enyi akina baba, msiwaachie wanawake peke yao, nendeni mkaone. Mjamzito ale kwanza. Mtoto akitimiza miezi sita, apewe sahani yake mwenyewe, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Na mwenye kuku, kabla ya kupeleka mayai sokoni, atoe kwanza la mtoto.